Kabla hujashika ndoo: kuosha gari Dodoma, kiangazi na wakati wa mvua

Gari linalolala bandani mtaa wa Kisasa na kwenda mji wa Serikali wa Mtumba kwa lami tupu linaweza kukaa wiki mbili za kiangazi bila kuoshwa, na lisipatwe na lolote. Gari lile lile likianza kushinda kwenye njia za vumbi za upande wa Hombolo, wiki moja tayari ni nyingi. Na popote liliposhinda, likidondoshewa kinyesi cha ndege saa nne asubuhi, halina siku ya kusubiri. Ndiyo maana swali la “mara ngapi kwa mwezi” halina jibu moja hapa. Angalia kwanza kilichoganda juu ya gari, kisha maji uliyonayo, ndipo uangalie kalenda.

Tuanze na vumbi, kwa kuwa ndilo la miezi mingi zaidi. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na jumla ya mwaka ni kama milimita 550 hadi 600 tu. Miezi iliyobaki ni ya jua, na ya upepo wa kusini mashariki unaobeba mchanga mwembamba. Mchanga huo umemeguka kutoka mawe ya graniti, kama yale ya kilima cha Mlimwa, na ndani yake mna chembe za kwatzi. Kwatzi ni ngumu kuliko kioo cha gari, sembuse tabaka la juu la rangi.

Vumbi likilala tu juu ya rangi halifanyi kitu. Mkono ndio unaoharibu. Kitambaa kikavu au dasta inayopitishwa kwenye boneti kila asubuhi ili gari lionekane safi ofisini ni msasa kabisa. Baada ya miezi michache, simamisha gari jeusi juani utazame: mikwaruzo myembamba imezunguka mwanga wa jua kama utando wa buibui. Fundi wa polishi anaiondoa kwa kulikata tabaka lenyewe, na tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele, kwa hiyo halikatwi mara nyingi. Kama leo huna maji, liache gari na vumbi lake. Usafishe vioo, vioo vya pembeni na taa, na hivyo pia kwa kitambaa kilicholoweshwa.

Turubai la gari nalo linahitaji tahadhari. Watu hulinunua kukwepa vumbi, lakini upepo wa Agosti hupenyeza mchanga chini yake, kisha hulipigapiga turubai juu ya rangi usiku kucha. Turubai linafaa gari lililooshwa, likakauka, na kuegeshwa mahali pasipo na upepo. Vinginevyo banda la mabati ni bora, hata kama liko wazi pande zote, maana linazuia jua, na jua la nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 1,100, linapausha rangi nyekundu na plastiki za bampa mapema sana.

Sasa maji. Maji mengi ya visima vya Dodoma ni magumu. Ishara zake kila nyumba inazijua: sabuni haitoi povu upesi, na birika la chai linajenga ukoko mweupe ndani. Ukoko huo huo ndio unaobaki juu ya gari kila tone linapokauka. Tone likikaukia kwenye boneti yenye joto, madini yake hushika rangi na kuacha duara jeupe lisilotoka kwa sabuni. Likirudiwa kila wiki kwa mwaka mzima, duara hilo hula rangi na kuacha kishimo kidogo. Wengi hudhani rangi imechoka, kumbe gari limeoshwa mara nyingi mno na kuachwa likauke lenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kumwaga tone la kwanza, weka kiganja juu ya boneti na uhesabu hadi kumi. Ukilazimika kukiondoa, gari bado lina moto: lipeleke kivulini usubiri, hata nusu saa. Muda mzuri ni kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Asubuhi ni bora, kwa sababu upepo huwa bado haujachachamaa na gari halishiki vumbi likiwa bichi.

Kwenye mitaa yenye mgao wa maji watu huuliza kiasi cha maji. Gari dogo linaoshwa vizuri kwa lita 60, yaani madumu matatu ya lita 20, yakigawanywa hivi: dumu la kwanza lote ni la kulowesha na kuondoa vumbi bila kusugua, la pili ligawanywe kwenye ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji, la tatu ni la kusuuza gari. Kwa gari kubwa la porini ongeza dumu moja au mawili. Ndoo ya pili ndiyo watu huiona ya anasa, na ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote. Sponji ikitoka mlangoni ina mchanga. Ikirudishwa moja kwa moja kwenye sabuni, mchanga huo unapandishwa boneti. Baada ya kila mlango, sponji isuuzwe kwenye ndoo ya maji matupu, ikamuliwe, ndipo irudi kwenye povu. Ukiwa na simtanki linalopokea maji ya mvua kutoka kwenye bati, tenga dumu moja la maji hayo kwa ajili ya kusuuza mwishoni. Maji ya mvua hayana madini ya kisima na hayaachi madoa. Ila mvua ya kwanza ya mwaka iache ipite, maana huwa inaosha bati.

Sabuni iwe ya magari, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Sabuni ya unga ya kufulia ina ukali unaoondoa waksi, yaani nta inayolinda rangi, na kuifanya mipira ya milango ikakamae, na chembe ambazo hazijayeyuka hukwaruza. Ya vyombo si kali hivyo, lakini nayo huvua waksi. Itumie tu siku unayokusudia kupaka waksi mpya.

Anza juu: paa, vioo, boneti, milango ya juu, kisha nusu ya chini, na mwisho rimu na tairi, kwa brashi na sponji yake isiyopanda tena juu. Osha upande mmoja, usuuze, kisha uende upande mwingine. Ukipaka povu gari zima kwa hali ya hewa ya hapa, upande wa kwanza utakauka kabla hujaumaliza wa pili. Kukausha ni lazima, kwa taulo laini la maikrofaiba, likiburutwa taratibu bila kukandamizwa. Fungua milango na buti ufute kingo za ndani, kwa kuwa hapo vumbi hujificha na kusaga mipira kila mlango unapofungwa.

Madoa meupe yaliyokwisha shika kwenye vioo hutolewa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika moja, futa, kisha suuza kwa maji mengi. Kwenye rangi jaribu kwanza mahali pasipoonekana, na kamwe usifanye hivyo juani.

Kinyesi cha ndege na utomvu ni kazi ya siku hiyo hiyo. Joto hulainisha rangi wakati wa mchana, na usiku wa Juni na Julai huirudisha ikijibana. Kinyesi kilichogandia hapo huacha alama yake ndani ya rangi. Usikibandue kwa ukucha. Laza karatasi laini au kitambaa chenye maji kwa dakika tano hadi kumi, kikilainika kinyanyue bila kusugua. Mwarobaini ni kivuli kizuri na upo karibu kila uwanja wa Dodoma, lakini wakati wa matunda ndege hufanya karamu juu yake, nawe unalipia wewe. Wadudu waliogongwa usiku kwenye barabara ya Morogoro au ya Iringa kupitia Mtera wapewe siku mbili, si zaidi.

Kama gari linaoshwa sehemu ya kulipia, angalia mambo machache kabla ya kukabidhi ufunguo. Je, sponji inadondoka chini kwenye mchanga na kuokotwa? Je, taulo la kufutia rimu ndilo la kufutia boneti? Mdomo wa mashine ya presha ukae kama sentimita 30 kutoka kwenye rangi, na mbali zaidi kwenye mipira ya milango, stika, na sehemu yoyote ambayo rangi imechubuka, kwa sababu maji yakipata upenyo hapo hunyanyua ganda la rangi. Tairi pia lisipigwe presha kwa karibu. Na ukiulizwa “tupige na injini?”, jibu ni hapana, isipokuwa una sababu. Maji ya presha yakiingia kwenye koili, soketi za nyaya au oltaneta (mashine inayochaji betri), gari linaweza kuanza kukohoa au kugoma kuwaka njiani, tena siku ya pili ukiwa umeshasahau. Injini iliyopoa ifutwe kwa brashi na kitambaa chenye unyevu. Kama ni lazima kutumia maji, yawe ya bomba la kawaida bila presha, huku oltaneta, boksi la fyuzi na mdomo wa hewa vikiwa vimefungwa kwa mifuko ya plastiki.

Rejeta ni jambo la pekee. Baada ya safari ya porini mbegu za nyasi na wadudu huziba mapezi yake, yaani vibati vyembamba vya kupitishia hewa, na ya kondensa ya kiyoyozi iliyo mbele yake, injini inapanda joto kwenye mlima, na fundi anaanza kukubadilishia pampu ya maji. Mimina maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele ili uchafu utoke ulikoingilia. Presha hulaza mapezi, na yakilala hayapitishi hewa tena.

Mapema Novemba, kabla wingu halijakusanyika, kuna kazi ambayo ikiahirishwa haifanyiki. Mipira ya waipa iliyopigwa na jua miezi saba imekakamaa; ibadilishe sasa. Usizijaribu waipa kwenye kioo kikavu chenye vumbi, maana zitachora upinde wa mikwaruzo utakaokupofusha usiku kila gari linapokuja mbele yako. Jaza tangi la maji ya kioo kwa maji ya mvua au yaliyochemshwa yakatuama, na vitundu vya kurushia vilivyozibwa na chokaa vizibue kwa pini. Chini ya kioo cha mbele, chini ya plastiki nyeusi, kuna mifereji ya kutolea maji ambayo majani huiziba. Ikiziba, maji ya mvua ya kwanza hushuka kwenye feni ya hewa na kulowesha kapeti la abiria. Chini ya kila mlango kuna vitobo vidogo. Vipitishe kijiti, kwani maji yanayobaki ndani ya mlango huuozesha kutokea ndani, nawe huoni kitu mpaka rangi ivimbe. Siku hiyo hiyo osha gari, likauke, upake waksi.

Wengi husema mvua itaosha gari. Manyunyu ya kwanza hayaoshi. Yanachanganya vumbi la angani na la kwenye gari, yakikauka unabaki na udongo uliopigwa lipu. Mvua kubwa ni tofauti kidogo, lakini inaosha paa na kuchafua chini, na kwa msimu wote huu chini ndiko kwenye kazi.

Jina la Dodoma lenyewe husimuliwa kuwa limetokana na tembo aliyedidimia kwenye tope, na aliyewahi kupita mbuga za Bahi mwezi wa Februari hahitaji kuelezwa zaidi. Udongo mweusi wa mfinyanzi hushika madigadi, chesisi na ndani ya rimu. Ukiwa mbichi unatoka kwa maji tu. Ukikauka unakuwa tofali. Bonge likigandia ndani ya rimu, usukani hutetemeka ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa, na mwenye gari hukimbilia kubalansi tairi au kubadilisha bushi. Kabla ya gharama hiyo, ingia chini na ndoo, uoshe ndani ya rimu zote nne. Tope lililojificha nyuma ya plastiki za madigadi hubaki na unyevu wiki nzima baada ya jua kutoka, na kutu huanzia hapo. Magari mengi tunayoyanunua yametumika Japan, na yale yaliyokaa mikoa yake ya theluji, ambako barabara humwagwa chumvi, yanaweza kufika huku na kutu imeshaanza chini. Basi siku za mvua, mwili wa gari unaweza kungoja wiki, ila chini paoshwe siku hiyo au kesho yake kila ulipopita topeni.

Breki zisimwagiwe maji zikiwa na moto: diski inaweza kupinda, na utahisi pedali ikirukaruka. Subiri zipoe. Ukimaliza kuosha, au ukitoka kuvuka korongo lenye maji, endesha polepole huku ukigusa breki kidogo mara kadhaa mpaka zishike kama kawaida, hasa kama magurudumu ya nyuma yana breki za ngoma (drum), ambazo hushikilia tope na maji kuliko diski.

Mvua zikikatika, mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, pandisha gari kwa fundi mwenye shimo, lioshwe chini kwa presha ya wastani, likauke siku nzima juani kabla ya kupulizwa dawa ya kutu. Dawa ikipulizwa juu ya tope bichi hufungia unyevu ndani, na kutu itaendelea chini yake. Siku hiyo toa pia kichujio cha hewa ya injini na kile cha kiyoyozi kilicho nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Vumbi la Juni lisikute vimeshajaa.