Konokono wanakufa njaa kwenye tangi lililojaa mwani

Wafugaji wa samaki wa mapambo wana tabia moja inayowapotezea fedha. Kioo cha tangi kikishika utando wa kijani wa mwani, wananunua konokono kumi kwa mkupuo na kuwaingiza kwenye tangi la lita hamsini. Wiki mbili za kwanza kioo kinang'aa na kila mtu anafurahi. Baada ya hapo konokono wanaanza kufa kwa njaa, wanaoza ndani ya magamba, amonia, yaani sumu itokanayo na uozo, inapanda, na samaki nao wanafuata. Halafu lawama anabebeshwa muuzaji.

Konokono neraiti, ambaye ndiye hodari wa kusafisha kioo, anakula utando laini wa kijani na ule wa kahawia. Mwani wa nyuzi ndefu, au ule mweusi wenye vishungi unaong'ang'ania majani, kwa kawaida hausogelei. Kwa hiyo pitisha kidole kwenye kioo kwanza. Kinachotoka kikiwa utelezi, hicho ni chakula chake. Kikivutika kama uzi, ung'oe kwa mkono na upunguze taa iwake kwa muda wa saa 6 hadi 8 tu kwa siku. Konokono usinunue.

Idadi pia ina hesabu yake. Pima kwa sentimita urefu na upana wa tangi, pamoja na kina cha maji, zidisha, kisha gawa kwa 1,000 upate lita. Tangi la 60 kwa 30 lenye maji ya kina cha 30 lina lita 54. Weka konokono mmoja kwa kila lita 20, yaani hapo wanaingia wawili. Ndiyo, wawili! Ukipata mbili na kitu, hicho kitu kiache, kwani nafasi inayoliwa na changarawe na mawe bado hatujaitoa. Kwa kuwa mayai ya neraiti hayaanguliwi na kukua kwenye maji yasiyo na chumvi, usihofu kwamba wawili hao watajaza tangi.

Tangi jipya lisubiri. Amonia na nitriti, sumu nyingine ya majini, zisome 0 kwenye kipimo, jambo ambalo mara nyingi huchukua wiki 4 hadi 6, kisha ungoje hadi utando uonekane kwa macho. Kumwingiza konokono kwenye kioo kipya kinachometa ni kumfungia ghala tupu.

Siku ya kumwingiza, mweke kwenye chombo pamoja na maji aliyokuja nayo, udondoshee maji ya tangi taratibu kwa saa nzima. pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, isishuke chini ya 7, maana maji yenye asidi hula gamba. Mweke tumbo likiwa chini, kwa sababu neraiti akianguka chali mara nyingi hushindwa kujigeuza.

Kioo cha nyuma usikisugue kamwe. Hilo ndilo shamba lake, na wapo neraiti wasiogusa mboga hata ukiwabembeleza. Kioo hicho kikiwa hakina utando, mara mbili kwa wiki weka kipande cha tango chenye unene wa sentimita moja, kilichochemshwa dakika 2 na kupozwa. Kiingize taa zikizimwa, ukitoe asubuhi. Nasema asubuhi. Tango la siku mbili linaoza na kuchafua maji.

Asiyesogea kwa siku nzima si lazima awe amekufa. Mtoe, umnuse. Kama kifuniko cha gamba kimelegea na harufu ni ya uvundo, mtupe mara moja, badilisha robo ya maji na upime amonia jioni hiyohiyo. Kama kifuniko kimefungwa kwa nguvu, mrudishe.

Gamba likiongeza ukingo mpya laini, mambo yanakwenda vizuri.

Na funika tangi. Neraiti hupanda juu ya maji usiku, na akidondoka sakafuni hukauka.