SOMO: Mahindi yafike mwezi wa tatu bila kubunguliwa

Wengi mmeuliza dawa ya kuweka kwenye mahindi, maana msimu uliopita mmeishia kupepeta vumbi. Mimi dawa siweki, nabana hewa. Mifuko ya kinga njaa ina nailoni mbili ndani na kiroba nje. Wadudu wakishamaliza hewa iliyobaki, wanakufa wenyewe. Ila mfuko haukaushi kitu. Ukifunga mahindi mabichi umefungia kuvu, na humo ndimo inamotoka sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

1. Chambua yakiwa bado kwenye magunzi, kuvu huonekana kirahisi. Yaliyooza yatupwe. Najua yanakoendaga: kwenye komoni, ile pombe ya kienyeji, au kwa ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa akila, sumu inapita hadi kwenye maziwa ya watoto.

2. Pukuchua, peta, anika kwenye turubai, si juu ya udongo. Geuza mara kwa mara. Huku Uyole, Mbeya, mwezi wa sita umande hausubiri mtu, kwa hiyo anua kabla jua halijazama.

3. Pima kwa chumvi. Kung'ata punje kunadanganya, hasa asubuhi ya baridi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu kabisa. Tikisa dakika mbili tatu, acha robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani. Isipoganda, usishangilie bado: chumvi huonyesha unyevu unaozidi asilimia 15 hivi, na sisi tunataka ushuke hadi 13. Yape jua tena, siku moja au mbili.

4. Puliza kila nailoni uibane, usikilize kama inavuja. Ingiza moja ndani ya nyingine, zote ndani ya kiroba. Jaza ukishindilia pembeni, bakiza shingo ya kutosha, toa hewa, sokota, kunja, funga kwa kamba. Nailoni ya ndani kwanza, kisha ya pili, kisha kiroba, kila moja peke yake.

5. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta na panya. Tundu moja tu la panya na kazi yote imekwisha.

MASWALI

Tukuyu: Dada, huku mvua haikatiki, tuanike saa ngapi?
Jibu: Poleni jamani. Yaacheni na magunzi darini juu ya moto wa kuni, na jua likichomoza hata kidogo, yatoeni. Yakikauka tu pukuchueni, yule mdudu dumuzi anayapenda yakiwa kwenye magunzi.

Makambako: Shikamoo mama. Nimepanga chumba kimoja, nina debe moja tu la maharage. Mfuko wa kilo 100 wa nini?
Jibu: Marahaba mwanangu. Tafuta dumu la lita 20 la mafuta ya kula, lioshe kwa sabuni, likauke kabisa. Jaza maharage makavu, tikisa yashuke, ongeza hadi mdomoni, kaza kifuniko.

Mafinga: Nimeuziwa vidonge vya gesi vya kuua wadudu, magunia yako chumbani kwa watoto.
Jibu: Usivitumie! Gesi yake inaua watu usingizini. Usivifungue, usivimwagie maji. Viweke nje, mbali na watoto, umuulize bwana shamba namna ya kuviondoa.

Mbalizi: Nimefungua baada ya wiki moja, wadudu bado wanatembea. Nimeibiwa?
Jibu: Hujaibiwa, una haraka. Na kwa kufungua umewaongezea hewa. Funga tena, usiguse mwezi mzima. Ya kula tenga gunia moja, mengine yasifunguliwe hata shemeji akija na debe lake mkononi.