Ahmedabad kwa siku moja bila kutumia pesa nyingi

Ahmedabad, mji wa jimbo la Gujarat nchini India ulioasisiwa na Sultan Ahmad Shah mwaka 1411, ni rahisi kwa mwenye bajeti ndogo: vivutio vikubwa vya mji mkongwe vimekaribiana na vingi havina kiingilio. Pesa huishia kwenye bajaji, hasa kwa anayekwenda na kurudi bila mpango. Kwa mpangilio huu utapanda bajaji mara mbili tu. Chagua Novemba hadi Februari; mwezi Mei joto huvuka nyuzi 40.

1. Usiku wa kuamkia siku hiyo. Tafuta noti za rupia 10, 20, 50 na 100. Wenyeji hulipa kwa simu hata kikombe cha chai, hivyo muuzaji mara nyingi hana chenji ya noti ya 500. Beba mtandio na soksi nene: viatu unavivua kila msikiti na kila hekalu, na mchana sakafu ya mawe huunguza nyayo.

2. Saa 2 asubuhi, Kalupur, mtaa wa mji mkongwe. Anzia hekalu la Swaminarayan, yanapoanzia matembezi ya manispaa yenye kiongozi. Weka nafasi mapema. Hapa usibane matumizi, lipia kiongozi. Mitaa ya zamani, inayoitwa *pol*, ina vichochoro vinavyoishia ukutani na vipenyo wanavyovijua wakazi tu. Ramani ya simu itakupoteza. Matembezi huishia msikiti wa Jama Masjid.

3. Jama Masjid. Ulikamilika mwaka 1424, una nguzo 260. Tazama mashina ya minara miwili kando ya tao kuu: sehemu za juu zilianguka kwa tetemeko la 1819. Ijumaa mchana usiupangie, ni wakati wa sala. Upande wa mashariki kuna kaburi la Ahmad Shah (wanawake hawaingii chumba chenyewe), kisha makaburi ya malkia yaliyozungukwa na soko la nguo.

4. Chakula cha mchana. Mpenda nyama aende Bhatiyar Gali, kichochoro cha vyakula vya nyama, karibu na lango la Teen Darwaza. Vinginevyo agiza *thali* ya Kigujarati, sinia la mboga, dengu, wali na chapati. Migahawa mingi ya thali hukuongezea mpaka ushibe kwa bei ileile. Dengu yao ina utamu kidogo, haijaharibika.

5. Saa 8 mchana, Sabarmati Ashram, makazi ya zamani ya Mahatma Gandhi. Bajaji ya kwanza. Sisitiza mita, au ita kwa programu ya simu. Dereva akisema mita mbovu, tafuta mwingine. Gandhi aliishi hapa kuanzia 1917 hadi 12 Machi 1930, alipoondoka kwa miguu kuelekea Dandi, kijiji cha pwani, kupinga kodi ya chumvi. Hakuna kiingilio. Saa moja na nusu inatosha.

6. Saa 10 na nusu alasiri, msikiti wa Sidi Saiyyed. Bajaji ya pili. Ulijengwa na Mhabeshi aliyetumikia dola ya Gujarat, mwaka 1573, na jamii ya Masidi wenye asili ya Afrika bado inaishi jimboni humo. Usiondoke bila kusimama mbele ya madirisha ya ukuta wa magharibi: jiwe limetobolewa likawa mti wenye matawi yanayosokotana, membamba kama uzi wa kufumia. Jua la alasiri hupenya kutoka nyuma yake, ndiyo maana hatuji hapa asubuhi. Wanawake huenda wakazuiwa ukumbini. Madirisha yanaonekana vizuri pia kutoka nje.

7. Usiku, Manek Chowk. Nenda kwa miguu. Mchana ni soko la vito. Maduka yakifungwa, uwanja hugeuka wa chakula. Ukifika saa 1 utakuta meza zinapangwa tu, njoo saa 3. Agiza *pav bhaji*, mboga zilizopondwa zinazoliwa kwa mkate, inayopikwa mbele yako kwenye kikaango, na maji yawe ya chupa iliyofungwa.

Kisima cha ngazi cha Adalaj, cha karne ya 15, kiache. Kiko takriban kilomita 18 kaskazini, na bajaji ya kukungoja itakula zaidi ya nauli zote za siku. Ukipata siku ya pili, kianze asubuhi.