Kasti iliyopasuka au kulika: mpe fundi muda wa kuipoza

Msimu wa kukoboa mpunga ndipo mashine huonyesha ugonjwa wake. Magunia yamepangwa hadi nje, hauzingi ya beringi, yaani kasha la kasti (chuma cha kusubu) linaloishika, imepasuka sikio, na duka la vipuri liko mjini. Mwenye mashine anakimbilia kwa fundi wa kuchomelea aliye jirani, na fundi anashika kijiti kile kile anachochomelea mageti. Niliwahi kusimama pembeni kazi kama hiyo ikifanyika. Mshono ulipendeza. Fundi akaumwagia maji ili mteja aondoke nayo mapema, na hapo hapo tukasikia mlio mwembamba, kama glasi ya chai inayopata ufa. Mshono ulibaki mzima, lakini kando yake, nusu kidole tu, chuma kilikuwa kimefunguka upya.

Kasti ina kaboni asilimia 2 hadi 4, wakati chuma laini cha mageti mara nyingi hakifikii hata 0.3. Kaboni hiyo ndiyo inayoifanya kasti isubiwe vizuri kwenye kalibu, na ndiyo inayoifanya ivunjike bila kujipinda. Ukiipasha moto mkali sehemu moja na kuipoza ghafla, eneo linalopakana na mshono huwa gumu kama kioo. Mshono nao unaponywea kwa kupoa huvuta pande zote, na kasti haijui kunyumbulika, kwa hiyo inakatika.

Kwanza hakikisha ni kasti kweli. Gonga ukingo kwa tindo: kasti hutoa vipande vidogo vinavyokatika, chuma laini hutoa ukanda unaojikunja. Kwenye grainda, cheche za kasti ni fupi na nyekundu iliyofifia.

Halafu tenganisha kulika na kupasuka. Tundu la beringi lililopanuka silipendekezi kujazwa kwa moto wa umeme. Lipeleke kwa fundi wa kukereza alipanue kidogo na kuingiza bushi (pete) ya chuma. Utapata kipimo sahihi na kasti haitaguswa na moto. Silinda ya kukobolea iliyolika meno, nunua mpya, maana ganda lake huwa limefanywa gumu makusudi. Na gurudumu zito la injini au puli kubwa iendayo kasi iliyopasuka, tafadhali usiichomelee kabisa. Ikiachia ikiwa inazunguka, inaua mtu.

Kwa sikio la hauzingi, mguu wa mashine au kifuniko cha gia, kazi inawezekana. Ondoa grisi yote, kisha pasha moto kiasi ili mafuta yaliyojificha ndani yatoke na kuungua. Kuujua mwisho wa ufa, paka mafuta ya taa, futa pakauke, kisha sugua chaki nyeupe juu yake: baada ya muda mfupi mafuta yaliyobaki ndani ya ufa yatachora mstari mweusi kwenye chaki. Mstari unapoishia, toboa tundu la milimita 3 ili ufa usiendelee. Chonga mfereji wa umbo la V kufuata ufa.

Kama una vijiti vya nikeli, fanya kazi ya baridi. Ni ghali, lakini kipande kimoja huhitaji vichache tu. Kwa kijiti cha milimita 3.2, ampia 80 hadi 100 zinatosha. Choma sentimita 2 au 3 tu, simama, na mshono ukiwa bado wa moto ugonge polepole kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo ili utanuke badala ya kuvuta. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja pale bila kuungua, ndipo uchome kipande kingine, tena upande wa mbali. Hapa ndipo mafundi wengi hushindwa, kwa sababu mteja amesimama mlangoni anauliza kama imeisha. Mwenye mashine, nenda nyumbani.

Fundi mwenye gesi anaweza kutumia shaba ya njano (shaba iliyochanganywa na zinki) na boraksi, unga wa kusafisha chuma ili shaba ishike. Kasti haiyeyuki, shaba ndiyo inayoyeyuka na kushika, na njia hii inafaa pia kujaza pembe iliyolika. Afanyie kazi mahali penye upepo, maana moshi wa zinki iliyo ndani ya shaba huleta homa. Shaba isitumike kwenye kipande kinachokaa karibu na moto mkali, kama bomba la moshi la injini.

Kazi ya gesi, kwa kuwa kipande kizima hupashwa moto, lazima ipozwe taratibu. Andaa mapema debe la jivu kavu au chokaa kavu, ufukie kipande humo mara tu unapomaliza, na usikifukue hadi kesho yake. Asubuhi kitoe, kining'inize kwa waya na ukigonge kwa nyundo ndogo. Kikilia kama kengele, kifunge. Kikitoa sauti ya chungu chenye ufa, rudi kwenye mafuta ya taa na chaki.