Kufungua sheli ndani ya skripti na ukabaki humo humo

Asalam aleikum wenzangu. Juzi kijana mmoja hapa Wete kaniletea laptopu yake ananambia "kaka, skripti yangu ina cd lakini ikimaliza nnajikuta pale pale, mbona haisogei?" Skripti ni faili la amri, na cd ni amri ya kuhamia folda. Swali hili naulizwa kila siku kwahivyo leo naliandika lote, fungua teminali ujaribu huku unasoma. Na nikisema sheli namaanisha ya kuandikia amri, Bash, sio ya kujazia mafuta.

Ukiendesha ./kazi.sh sheli yako inazaa prosesi nyengine (programu inayokwenda peke yake), skripti inafanya mambo yake humo halafu inakufa, na folda iliyohamia inakufa nayo. cd ya yule kijana ilifanya kazi vizuri tu, ila kahama mtoto, mzazi kabaki alipo.

Kama shida yako ni kuhama folda tu wala usifungue sheli ya pili, andika

source kazi.sh

mistari itasomwa na sheli yako mwenyewe. Angalia tu isiwe na exit ndani, maana itakufungia dirisha zima.

Lakini mara nyingi mtu anataka skripti imtayarishie kila kitu halafu imuache ndani aendelee na kazi. Mie nina folda ya hesabu za mizani ya karafuu, skripti yake hii:

#!/bin/bash
cd ~/karafuu/mizani || exit 1
export KITUO=wete
exec bash

Hiyo exec inaitoa skripti na kuiweka bash mahali pake, kwahivyo mstari wowote utakaoandika chini yake hausomwi tena. Ukiandika exit unarudi kwenye sheli uliyoanzia na folda yako ya mwanzo. Na bila export, KITUO haivuki kwenda sheli mpya.

Ukitaka skripti iendelee baada ya wewe kutoka, ondoa exec. Mie natumia hivi kwa flashi:

sudo mount /dev/sdb1 /mnt
(cd /mnt && bash)
sudo umount /mnt

Nafanya kazi zangu humo, nikiandika exit flashi inatolewa yenyewe. Yale mabano ni muhimu khasa, yanafanya cd ibaki ndani yake, la sivyo skripti yenyewe itakuwa imekaa ndani ya flashi na umount itakataa. Jina sdb1 ni la kwangu, la kwako litazame kwa lsblk.

Sasa utajuaje umo sheli ipi? echo $SHLVL inakupa namba, ikiwa kubwa kuliko ya mwanzo ujue umo ndani. Ila mie napenda nione kwa macho. PS1 ndio maandishi yanayotokea mwanzo wa mstari wa amri. Usihangaike na export PS1, kwenye Ubuntu .bashrc (faili ambalo bash inalisoma ikifunguka) itaifuta, andika exec bash --rcfile ~/karafuu/rc na kwenye hilo faili tia:

source ~/.bashrc
PS1="[karafuu] $PS1"

Aliasi zako za kazi (majina mafupi ya amri) nazo tia humo humo, kwani aliasi hazirithiwi kutoka kwenye skripti.

Sasa hapa ndo paliponitesa mimi. Kulikuwa na skuli moja nnawasaidia kompyuta zao, nikaandika orodha.txt ina majina pc01 mpaka pc14, na luupu ya while read inifungulie sheli kwa kila moja nikague. Naendesha, sheli haifunguki, inamwaga tu "bash: line 1: pc02: command not found", halafu pc03, mpaka pc14, kisha kimya. Nilikaa nayo mpaka magharibi. Kumbe luupu ilikuwa inasoma kwenye orodha, na bash niliyoifungua ndani nayo ikasoma hapo hapo, majina ya kompyuta ikayafanya amri! Dawa yake ipe orodha mlango wake, hapa namba 3:

while read -r jina <&3; do
  echo "Sasa: $jina"
  bash
done 3< orodha.txt

Hapo kibodi inabaki ya sheli. Au andika bash </dev/tty, na hiyo ndio utakayohitaji pia kama skripti yenyewe imeingia kwa paipu, mfano cat kazi.sh | bash. ssh (amri ya kuingilia kompyuta nyengine) ndani ya luupu inakula orodha vile vile, yenyewe ipe -n.

Wa Python: subprocess.run(["bash"]) inasubiri utoke ndo iendelee, os.execvp("bash", ["bash"]) ni kama exec, hairudi. Ukitumia shell=True jua inayoitwa ni /bin/sh, na kwenye Ubuntu tangu 2006 hiyo ni dash, sheli nyengine sio Bash, kwahivyo source itakwambia not found, andika nukta badala yake. Na maneno aliyoandika mtu mwengine usiyatie kabisa kwenye shell=True, akiandika ; rm -rf ~ nyumba yako yote inakwenda, yapitishe kwenye orodha ya mabano mraba bila shell=True.