Kumwaga oili na kubadilisha filta ya IST mwenyewe, kisha kumsimamia fundi gereji

Magari mengi ninayoyahudumia hapa Dar es Salaam ni Toyota ndogo zilizotumika Japani: IST, Vitz, Raum, Runx. Wenye magari hayo huniuliza sana: nitajuaje kama fundi kweli kabadilisha oili na filta, hakuongezea tu juu ya ile chafu? Ninachowajibu ni kwamba wamwage oili wenyewe, hata mara moja. Si lazima uendelee kuifanya kazi hii, lakini ukishaifanya kwa mikono yako unajua zinaingia lita ngapi, filta imekaa wapi, na kazi safi inachukua muda gani. Ukienda gereji baada ya hapo, utakuwa na macho ya kuangalia.

Nitaeleza kwa IST yenye injini ya 1NZ-FE, ya cc 1,500. Injini hii imo pia kwenye Raum, Runx na Allex nyingi. Kama gari lako ni jingine, mtiririko ni uleule, ila tafuta kiasi cha oili na aina ya filta inayolihusu.

Kabla ya kununua chochote

Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye fremu yake, kisha uangalie chini ya boneti. Magari mengi ya kutoka Japani yana kibandiko kidogo kinachoonyesha tarehe na kilomita za kumwaga oili mara ya mwisho. Mara nyingi mwaka umeandikwa kwa hesabu ya Kijapani. Ukiona H, jumlisha 1988; ukiona R, jumlisha 2018. Kwa hiyo H28 ni 2016, na R3 ni 2021. Kibandiko hicho kina faida nyingine kubwa kwa anayenunua gari: kikionyesha kilomita 92,000 na dashibodi inasoma 68,000, basi dashibodi imerudishwa nyuma, na hata bei mnayojadiliana ibadilike.

Kuhusu muda, Toyota kwa soko la Japani hutaja kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini za kawaida za petroli zisizo na tabo (turbo), na nusu ya hapo kwa gari linalofanya kazi ngumu. Foleni ya Barabara ya Mandela ni kazi ngumu. Injini inazunguka saa nzima, kilomita hazisogei, na joto na vumbi vipo. Kwa oili ya kawaida mimi nashika kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia. Kwa sintetiki nzuri nakubali kufika 7,500, si zaidi.

Vitu vya kuandaa

Oili lita 4, kwa sababu 1NZ-FE inachukua lita 3.7 ikibadilishwa pamoja na filta. Filta mpya. Washa (pete ndogo ya kuzuia uvujaji) mpya ya boliti ya kumwagia. Spana ya 14, ya pete, maana ya mdomo wazi inakula kona za boliti. Kifungulio cha filta, beseni la kubeba zaidi ya lita 5, funeli, matambara, glavu, jeki na stendi mbili.

Kwenye oili nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Soma mambo mawili kwenye kopo. La kwanza ni uzito, yaani jinsi oili inavyotiririka: kwa injini hii 5W-30 ndiyo ninayoitumia. Mafundi wengi watakuambia uweke 20W-50 kwa sababu nchi yetu ina joto. Lakini VVT-i, mfumo unaorekebisha muda wa vali kufunguka, inafanya kazi kwa mgandamizo wa oili inayopita kwenye njia nyembamba na chujio dogo, na kikaza cheni nacho kinasukumwa na oili hiyohiyo. Oili nzito inachelewa kufika huko asubuhi injini ikiwa baridi. Oili chafu inaacha tope linaloziba njia hizo, na hilo ni baya zaidi.

La pili ni kiwango cha ubora cha API, taasisi ya petroli ya Marekani: herufi mbili zinazoanza na S. SP ilitoka 2020, SN ikaitangulia mwaka 2010, na zote mbili zinafaa. Makopo ya bei ya chini kabisa mara nyingi yameandikwa SF. Hicho ni kiwango cha injini za 1988 kurudi nyuma, na IST ya kwanza ilitoka 2002. Kopo likiwa na jina zuri, picha ya gari la mashindano na herufi SF, liache dukani.

Nunua kopo lenye lakiri ambayo haijaguswa, kwenye duka ambalo kesho utalikuta palepale, na udai risiti. Angalia kifuniko kama pete yake imeshikana, karatasi ya chini ya kifuniko kama imekaa sawa, na namba ya toleo kama imechapwa vizuri. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa lililo wazi siiweki kwenye gari la mteja yeyote.

Hatua ya 1: Pasha injini, kisha inua gari

Washa injini dakika tano hivi, uzime. Oili ikiwa vuguvugu inatoka na uchafu wake, lakini ikiwa ya moto sana itakuunguza mkono. Egesha mahali tambarare na pagumu, weka gia kwenye P, vuta hendibreki, zuia matairi ya nyuma kwa mawe au vigingi. Inua mbele kwa jeki, weka stendi mbili chini ya sehemu ngumu za bodi, shusha gari likae juu yake, halafu lisukume kwa mkono uone kama limetulia.

Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki inavuja, inateleza, na gari halikupi muda wa kutoka. Kama huna stendi, ahirisha kazi.

Hatua ya 2: Mwaga

Fungua kifuniko cha juu cha kujazia oili, na uchomoe kidogo kijiti cha kupimia ili hewa iingie. Chini, tafuta sampu ya injini, yaani bakuli la chini linalokaa oili, na boliti yake ya 14. Hakikisha ni sampu ya injini kweli, kwa sababu giaboksi iko jirani na ina sehemu yake ya kumwagia. Nimeletewa magari ambayo giaboksi ilimwagwa kimakosa na injini ikaongezewa oili juu ya ile iliyokuwemo. Oili ya injini iliyotumika ni kahawia hadi nyeusi; ya giaboksi huwa na wekundu. Ukiona wekundu, rudisha boliti mara moja.

Legeza kwa spana, malizia kwa vidole, na uweke beseni mbele kidogo kwa sababu oili itaruka. Iache itiririke hadi ibaki matone, dakika kumi au kumi na tano. Muda huo iangalie. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna maji yanaingia. Iking'aa vipande vya chuma, kuna kitu kinasagika ndani. Ikinuka petroli sana, tafuta sababu kabla ya kujaza mpya. Weusi mtupu ni wa kawaida, usikutishe.

Hatua ya 3: Filta

Filta inafikika ukiwa chini. Ilegeze, shusha beseni chini yake, kisha imalizie kwa mkono. Ikitoka, geuza uangalie mdomo wake: mpira wa duara umetoka nayo? Ukibaki umeng'ang'ania kwenye injini, na wewe ukafunga filta mpya juu yake, mipira miwili haikai. Oili itatoka kwa kasi injini ikiwaka. Pitisha kidole, futa sehemu hiyo kwa tambara safi.

Paka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, uizungushe kwa mkono hadi mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, bado kwa mkono. Kifungulio ni cha kufungulia tu.

Wengine husema filta ibadilishwe kila baada ya sevisi mbili. Sikubaliani nao. Filta ikijaa, kuna vali ndani yake inayofunguka ili injini isikose oili, na oili inayopita hapo haichujwi. Umelipia oili safi halafu unaipitisha palepale penye uchafu wa zamani.

Hatua ya 4: Funga na ujaze

Weka washa mpya, anza boliti kwa vidole mizunguko kadhaa. Ikikataa, itoe uanze upya, usiilazimishe kwa spana. Kama una spana ya kupimia nguvu, ifikishe Nm 38 hivi. Kama huna, kaza kwa spana fupi hadi ishike imara, usiongeze bomba kwenye mpini. Uzi wa sampu ukiharibika, gharama yake inazidi sevisi yenyewe.

Shusha gari likae sawa. Jaza lita 3 na nusu, rudisha kifuniko, washa. Taa nyekundu ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini. Chungulia boliti na filta kama pako pakavu. Zima, subiri dakika tano, pima kwa kijiti, uongeze kidogokidogo hadi ikaribie alama ya F. Usivuke F.

Oili chafu itie kwenye makopo matupu uipeleke gereji au kituo kinachoikusanya. Usiimwage mtaroni, maana inafika kwenye visima.

Sasa ukimpa fundi

Nenda na oili na filta zako. Kabla ya kuondoka nyumbani, chora alama kwa kalamu ya wino mzito kwenye filta iliyopo. Hiyo ndiyo utakayoomba kuonyeshwa ikiwa imetoka. Simama karibu, kopo lifunguliwe mbele yako, na kopo tupu uondoke nalo au ulitoboe, kwa sababu makopo mazima ndiyo yanayojazwa oili bandia. Oili iliyobaki ni yako, ya kuongezea baadaye; itie kwenye chombo chako safi.

Akikuambia filta ya hewa au plagi zimechoka, mwambie, "Fundi, naomba uitoe niione." Fundi mwaminifu hachukii ombi hilo, na mimi hufurahi mteja akiniuliza. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ni kitu kizuri, lakini mwangalie pia mikono yake: anaanza boliti kwa vidole? Anafuta pale filta inapokaa? Anatumia stendi? Anawasha na kuchungulia chini kabla ya kukukabidhi ufunguo? Ukimpata wa namna hiyo, mlipe inavyostahili na usimharakishe. Anayesema oili itamwagika yote kwa dakika mbili, mwondolee gari lako.

Mwisho wa kazi, andika tarehe, kilomita na aina ya oili kwenye kipande cha teipu, ukibandike palepale penye kile kibandiko cha Kijapani. Baada ya wiki moja pima tena asubuhi kabla ya kuwasha, kisha kila unapojaza mafuta. Injini za 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo ya 2000, zilizomo kwenye baadhi ya Spacio na Allion, zinajulikana kwa kula oili bila kuvuja popote. Mwenye gari la aina hiyo akisubiri kilomita 5,000 bila kupima, anaweza kukuta kijiti kikavu.