Kabla ya Kuwekewa Kifaa cha Umeme cha Kutuliza Maumivu ya Mgongo

Kifaa hiki hakiponyi mgongo. Nyaya nyembamba hupeleka umeme mdogo kwenye neva za uti wa mgongo ili maumivu yasifike kwenye ubongo kwa ukali wake. Daktari Norman Shealy wa Marekani alimwekea mgonjwa wa kwanza mwaka 1967, na mpaka leo diski (kile kipande laini kati ya mifupa ya mgongo) iliyoharibika hubaki imeharibika.

Uzuri ni kwamba kinajaribiwa kwanza. Nyaya hupitishwa kwa sindano, betri inabaki nje, nawe unarudi nyumbani kwa siku kadhaa, mara nyingi 3 hadi 7. Jiandae kwa siku hizi kuliko hata kwa upasuaji wenyewe. Madaktari wengi hutaka maumivu yapungue angalau kwa nusu, lakini nusu ya nini, kama hukuandika yalivyokuwa? Chukua daftari wiki moja kabla. Unasimama jikoni dakika ngapi? Usiku unaamka mara ngapi? Shangazi yangu, anayeishi huko Marekani, alipima kwa mbuzi ya nazi: kabla ya jaribio alikuwa akinyanyuka mara mbili kujinyoosha nazi moja haijaisha. Siku ya tatu ya jaribio aliikuna yote, akabaki ameketi, ameshika kifuu kitupu. Daftari lako lisipoonyesha nafuu, kataa kuwekewa kifaa chenyewe, hata kama familia nzima imeshafurahi.

Mtaje daktari dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, na usiziache kwa uamuzi wako. Sukari iwe imetulia. Kidonda au jino linalotunga usaha lisifichwe, kwani maambukizi yakifuata nyaya, kifaa huenda kikatolewa. Ukipelekwa kwa mwanasaikolojia usichukie; hakuna anayesema unajisingizia.

Uliza kama kifaa hicho kinaruhusu kipimo cha MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, maana si vyote. Uliza pia kama betri inachajiwa. Na kama uko ng'ambo na unawaza kurudi kuishi Afrika Mashariki, uliza mapema nani atakirekebisha huko.

Wiki za mwanzo baada ya upasuaji hakuna kuinama, kujipinda wala kubeba mzigo, nyaya zisije zikahama. Kwa hiyo kabla hujaondoka nyumbani, toa sufuria kwenye kabati la chini uziweke usawa wa kiuno, na mtafute mtu wa kumbeba mtoto.